Mstari wa Sungura wa Pili

Kichupa kilikuwa kimepungua, na Bi Tone hakuwa mtu wa kupunguziwa kitu asijue.

Jina hilo alipewa kwenye maabara ya misuli kwa sababu ya mkono wake. Alikuwa fundi pale kwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akimwaga tone. Kila kichupa kilichoingia kwenye friza alikichora alama ndogo ya kalamu ubavuni, usawa wa maji yaliyomo, na kila aliyechota alitakiwa kuandika kwenye daftari lililoning'inia kwa kamba pembeni ya mlango. Asubuhi ile ya Jumatatu alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Daftari lilisema kimechotwa mara mbili. Macho yake yalisema mara sita au saba.

Ndani yake mlikuwa na kingamwili. Kampuni iliyoiuza ilimdunga sungura kipande cha protini fulani, mwili wa sungura ukatengeneza askari wa kuipinga, na askari hao wakachujwa kutoka kwenye damu yake wakatiwa kwenye kichupa kisichozidi kidole. Kazi yao ilikuwa moja tu: kuitafuta protini ile popote ilipojificha na kuing'ang'ania kama kupe. Protini yenyewe ilikuwa na jina refu la vitabuni, lakini pale maabara waliiita Mchwa, maana iliaminika kuwa ndiyo inayowatafuna watu misuli kutoka ndani, mguu ukabaki umbo tu kama nguzo iliyoliwa.

Bi Tone alijua kazi hiyo hata akiwa usingizini. Anasaga kipande cha msuli kwenye barafu, anazitenganisha protini zake kwa umeme ndani ya jeli, kubwa zikibaki juu na ndogo zikishuka chini, kisha anazihamishia kwenye karatasi nyeupe laini. Akishaimwagia kingamwili, mahali penye Mchwa hutokea mstari mweusi. Kwa wagonjwa mstari ulikuwa mnene. Kwa wazima ulikuwa mwembamba kama unyusi. Juu ya mistari hiyo Profesa alijenga jina lake, na juu ya jina hilo ikajengwa dawa ya kumzuia Mchwa. Wagonjwa arobaini wa kwanza wangeanza kuinywa baada ya wiki tatu.

Mmoja wao alikuwa mdogo wake Bi Tone, toka nitoke.

Kwa hiyo kichupa kilipopungua, hakuliona kama jambo la kichupa. Mtu alikuwa anachezea kitu cha mdogo wake. Na mtu wa kumshuku hakuwa mbali. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na pale maabara mgeni alikuwa mmoja: dada mmoja mtafiti aliyehamia miezi minne iliyopita, mwembamba, mpole kupita kiasi, ambaye mpaka leo walikuwa wanamwita Mgeni. Alifika kabla ya watu. Ukiingia alipo, anafunga daftari lake. Ukimuuliza habari ya kazi anasema "nzuri" na kutabasamu, na tabasamu lenyewe halifiki machoni.

Bi Tone akaanza kumchunga. Jumanne alipitisha macho kwenye pipa la taka la chumba cha kuoshea, akakuta picha iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Ilikuwa picha ya mistari, mistari yao ileile, lakini chini ya safu ya mwisho paliandikwa kwa kalamu neno moja: *bila*. Bila nini? Na katika safu hiyo ya *bila*, mstari ulisimama mnene, mweusi tititi.

Jumatano alimkuta Mgeni kwenye ngazi za nyuma, amegeukia ukuta, simu sikioni.

"Hapana, usimwambie mtu," Mgeni alikuwa akinong'ona. "Nikishapata ya tatu nitakuletea zote. Hapa siwezi kuongea."

Bi Tone akarudi nyuma kwa ncha za vidole. Ya tatu! Kumbe ya kwanza na ya pili anazo tayari.

Nyumbani alimsimulia mdogo wake. Watu wote walimwita Mwalimu, hata dada yake, kwa sababu alifundisha hesabu mpaka siku chaki ilipomponyoka ubaoni mara tatu katika kipindi kimoja, wanafunzi wakacheka, naye akacheka nao, kisha akaenda hospitali. Hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita. Sasa alikuwa anainua kijiko kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama mtu anayempandisha mzee ngazi.

"Anaiba," Bi Tone alisema. "Anawauzia wengine, au anaharibu makusudi ili dawa isitoke."

"Umemuuliza?"

"Mwizi anaulizwa?"

"Anayehesabiwa kuwa mwizi ndiye anayeulizwa, dada yangu. Mwizi mwenyewe anakamatwa." Akapumzisha mkono. "Haya. Lakini ukikosea, utafuta kwa kifutio gani?"

Bi Tone hakutaka hesabu usiku ule. Alhamisi asubuhi alibisha mlango wa Profesa.

Profesa alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyemkumbuka kila mfagiaji kwa jina na kila mgonjwa kwa ugonjwa wake. Alimsikiliza Bi Tone bila kumkatiza: kichupa kimepungua, daftari halijaandikwa, kuna simu za kunong'ona, na kuna picha imetupwa. Alipomaliza, Profesa alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Umefanya vizuri kuja kwangu kwanza," alisema. "Nitachukua ufunguo wake leo hii. Na wewe funga friza kwa kufuli. Mambo ya wale panya wa chini tuyaache mpaka dawa ianze."

"Sawa, Profesa."

Saa nne Mgeni aliitwa. Saa tano alikuwa anapanga vitu vyake kwenye boksi la glavu. Wenzake wawili waliokuwapo waligeuka ghafla kuwa na shughuli kubwa kwenye darubini. Bi Tone alisimama mlangoni, mikono kifuani, kama mlinzi.

Mgeni alipofika mbele yake alisimama. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka.

"Dada, ungeniuliza."

"Ungeniambia nini?"

"Ningekuambia ukweli. Sasa hata nikikuambia utaona najitetea." Akashika boksi vizuri. "Miezi minne nimefanya kazi na wewe. Hujawahi kuniuliza hata nimelalaje."

Akaondoka. Viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa korido.

Bi Tone alijiambia kuwa amepumua. Akafunga kufuli, akaosha vioo, akapanga pipeti kwa ukubwa. Ilikuwa mchana, amekaa kwenye kiti kirefu akingojea mashine izunguke, ndipo neno likamrudia, likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Panya wa chini.

Yeye alikuwa ametaja kichupa, daftari, simu na picha. Panya hakuwataja. Panya hata hakuwajua. Profesa alijuaje kuwa kuna habari ya panya?

Ghorofa ya chini palikuwa na maabara ya jirani, na humo mtunza panya mmoja mwenye ndevu, mtu wa maneno mengi kwa vile mchana kutwa alikuwa anaongea na wasiojibu. Bi Tone alishuka akiwa na kisingizio cha kuazima barafu.

"Wale panya wenu," alisema, akichota barafu taratibu, "Mgeni wetu alikuwa anawafuata?"

"Wale wasio na Mchwa? Ee. Alichukua misuli yao mara mbili. Wale walizaliwa hawana kabisa hiyo protini yenu, imeondolewa tangu mimba. Kwani hamkujua? Alisema ni kazi ya maabara yenu."

Barafu ikamwagika. Tone la kwanza baada ya miaka kumi na mmoja, na ndoo nzima.

*Bila* ilikuwa na maana hiyo. Bila Mchwa. Mgeni alikuwa amechukua msuli wa panya asiye na Mchwa hata chembe, akaumwagia kingamwili ya kumtafuta Mchwa, na mstari ukatokea. Ni sawa na mbwa wa polisi kubweka mbele ya nyumba tupu. Ama Mgeni alichanganya sampuli, ama mbwa mwenyewe alikuwa anafuata harufu nyingine miaka yote.

Bi Tone aliomba vipande vitatu, akapandisha navyo mfukoni mwa koti kama mtu aliyeiba. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anafika kabla ya watu. Yeye ndiye aliyefunga daftari mlango ulipofunguka. Profesa alipopita Ijumaa na kusema, "Mbona mapema?" alijibu, "Nasafisha tu," na akahisi tabasamu lake mwenyewe halifiki machoni.

Alirudia mara tatu, kwa mkono wake usiokosea. Mara tatu mstari ulisimama kwenye *bila*.

Akabakiwa na njia moja. Chini kabisa ya friza, nyuma ya masanduku yaliyogandana, alijua kuna kichupa cha zamani, cha miaka ya mwanzo, kilichobaki matone machache. Yeye hatupi kitu. Alikitoa, akakiyeyusha ndani ya kiganja, akafanya jaribio lilelile. Safari hii safu ya panya ilitoka nyeupe, safi kama shuka la hospitali. Kichupa cha zamani kilimtambua Mchwa. Kipya kilikuwa kinamtambua mwingine asiyejulikana, mwenye uzito unaokaribiana na wake.

Jumatano iliyofuata, kwa matone ya mwisho, aliipima sampuli ya paja la mdogo wake kando ya paja la mtu mzima wa afya. Alikaa nazo muda mrefu zile picha. Mistari miwili ilikuwa sawasawa. Mchwa hakuwa amezidi kwa Mwalimu. Kilichokuwa kinamla hakikuwa Mchwa, na dawa ingekwenda kumkamata mtu asiye na hatia.

Kwenye kabati la faili alitafuta hati ya mzigo. Karatasi ilikuwapo, ya miaka mitatu iliyopita, na chini yake sahihi yake mwenyewe. Pembeni, kwa mwandiko wake wa haraka: *Namba ya toleo imebadilika. Wanasema sungura wa kwanza amekufa, hii ni ya sungura mwingine. Nimemweleza Profesa.* Akakumbuka sasa. Profesa alikuwa anakimbilia mkutano, akasema, "Jina kwenye kichupa si lilelile? Endelea." Naye akaendelea. Jaribio la panya lilikuwa limefanywa kwa sungura wa kwanza, kabla ya mgonjwa hata mmoja kupimwa. Kwa sungura wa pili hakuna aliyelirudia, kwa sababu mistari ilitoka mizuri, na mistari mizuri haiulizwi inakotoka.

Wiki nzima alikuwa amemtafuta mwenye hila, na sasa alikuwa anaisoma sahihi yake.

Alimpelekea Profesa picha zote, akazipanga mezani moja baada ya nyingine. Profesa hakuzigusa.

"Mgeni alikuja kwako kabla yangu," Bi Tone alisema.

"Wiki tano zilizopita. Nilimwambia asiseme mpaka ahakikishe."

"Halafu akihakikisha, unamnyang'anya ufunguo. Na mimi nikakuletea sababu kwenye sinia."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu, likalia mpaka likapotea.

"Nisikilize," Profesa alisema hatimaye. "Panya waliopewa dawa, mstari ulipungua. Kuna kitu kinapungua."

"Kitu gani?"

"Sijui."

"Basi tutawapa watu arobaini dawa ya kitu usichokijua?"

"Ni salama, imepimwa. Pengine itasaidia kwa njia nyingine." Kisha akasema kwa upole uleule aliowasemea wafagiaji: "Mdogo wako yumo kwenye orodha, Bi Tone. Nilimweka mimi, kwa ajili yako. Unataka kumfuta wewe?"

Bi Tone alikusanya picha zake. Aliogopa kwamba angekaa hapo dakika nyingine angekubali.

Mwalimu alimpokea kwa mzaha, akauona uso wake, akauacha mzaha. Bi Tone akamweleza yote. Alitegemea atanyamaza, au atalia kidogo, kama alivyolia yeye kwenye choo cha maabara. Mwalimu alikasirika.

"Nani alikuomba uhakikishe?"

"Mwalimu..."

"Miaka mitano nangoja! Wiki moja na nusu imebaki, wewe unakwenda kufukua panya? Ulikuwa unamwinda mtu, umemkosa, sasa umeniwinda mimi. Au unaogopa? Sema kweli. Unaogopa dawa itaniua, ndiyo maana umetunga yote haya."

Siku mbili hakumsemesha. Akiingia chumbani, Mwalimu anajifanya amelala, na Bi Tone anajifanya ameamini. Siku ya tatu, bila salamu, akasema: "Zilete hizo picha."

Alizisoma kama alivyokuwa anasoma madaftari ya wanafunzi, kidole kikienda safu kwa safu. Aliuliza maswali makali. Ulijuaje kuwa sampuli hazikubadilishana? Mara ngapi? Nani mwingine ameona? Zaidi ya saa moja alitafuta kosa la dada yake, akitamani kulipata; Bi Tone aliliona hilo, akajibu kila swali.

"Hesabu iko sawa," Mwalimu alisema mwishoni, akaegemea. "Nilikuwa naomba iwe mbovu." Akafumba macho. "Nitajitoa mwenyewe. Usinifute wewe. Niletee hiyo karatasi ya kusaini. Na aliyeyaona haya wa kwanza ni nani?"

"Mgeni."

"Uliyemshitaki?"

"Ndiye."

"Basi anzia huko, kabla ya wakubwa."

Mgeni alipokea simu mara ya nne. Alikubali waonane kwenye korido ya jengo la utawala, mahali penye watu, na alipofika aliketi benchini, akaweka mkoba wake magotini na kuukumbatia.

"Unanirekodi?"

"Hapana."

"Weka simu yako pale, juu ya benchi. Izime."

Bi Tone aliizima, akaiweka. Akamwonyesha picha. Mgeni aliziangalia bila furaha yoyote, kisha akatoa za kwake. Zilifanana kama mapacha.

"Ile simu ya ngazini," Bi Tone alisema. "Ulikuwa unamwambia nani?"

"Mhadhiri aliyenifundisha chuoni. Niliogopa huenda nimekosea mimi." Akamtazama usoni. "Na kichupa sikuandika daftarini kwa sababu Profesa aliniambia nisiandike. Ulidhani nauza?"

"Nilidhani hivyo."

"Asante kwa kusema. Wengine wangesema hawakudhani kitu."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe," Mgeni alisema. "Ila sikuamini. Hayo ni mambo mawili. Twende tuandike barua, na kila mmoja abaki na nakala yake."

Barua ilikwenda kwa kamati inayosimamia majaribio ya dawa, pamoja na picha za wote wawili na nakala ya hati yenye sahihi ya Bi Tone. Hakuificha. Siku nne kabla ya kidonge cha kwanza, kamati ilisimamisha jaribio. Wagonjwa walipigiwa simu mmoja mmoja. Baadhi walishukuru. Mama mmoja alifika mpaka mlangoni mwa maabara akauliza ni nani aliyewaibia dawa yao, na Bi Tone akatoka, akasema ni mimi, akasimama akatukanwa mpaka mama yule alipochoka na kuomba kiti.

Profesa aliwaomba waliochapisha makala zake mbili waziondoe, akaziandikia maelezo kwa mkono wake. Uongozi wa maabara aliuacha, akabaki kufundisha. Wakikutana koridoni bado alimuuliza habari za Mwalimu, naye alijibu, na kila mmoja alikuwa akijiuliza mwenzake anamaanisha nini.

Mgeni alirudishiwa ufunguo lakini hakuutaka. Alipata nafasi kwingine, akaenda na swali moja: kama si Mchwa, sungura wa pili alikuwa anamshika nani? Maana huyo naye, yeyote awaye, kwa wagonjwa alikuwa amezidi kweli.

Ilipita miezi minane. Mwalimu alikuwa hawezi tena kijiko, ila ulimi ulikuwa na nguvu zilezile; watoto wa majirani walikuja sebuleni kufundishwa sehemu na asilimia, na akikosea mtu alimwambia asogee ili ampige kofi, kisha akamkumbusha kuwa mkono haufiki. Ndipo barua ikaja, imeandikwa kwake, si kwa dada yake. Mgeni alikuwa anaomba kipande kingine cha msuli.

Alikuja mwenyewe Jumamosi mchana na karatasi za ridhaa. Aliketi karibu na Mwalimu akamsomea mstari kwa mstari, pamoja na mahali palipoandikwa kwamba huenda utafiti huu usimsaidie yeye kabisa. Hapo alisoma mara mbili.

"Nimesikia," Mwalimu alisema. "Na kingamwili yenu ya safari hii, mmeipima kwa panya?"

"Mara tano. Na kila kichupa kipya kikifika tunaanza upya."

"Chukua paja la kushoto. La kulia mlishakula."

Mgeni akacheka, cheko la kweli, Bi Tone akalisikia akiwa jikoni. Alitoka na sinia la chai, akaliweka mezani, akamimina vikombe vitatu. Mgeni alikitazama chake, hakukigusa. Bi Tone aliuelewa ule mtazamo. Alikuwa ameushona yeye mwenyewe, sasa anavalishwa. Alikichukua kikombe cha mdogo wake, akampelekea mdomoni, Mwalimu akapiga funda kubwa.

"Sukari imezidi," Mwalimu alisema, "lakini mtu hafi."

Mgeni alingoja kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akakivuta kikombe karibu, akanywa nusu.